Taa Mbili Zilizozima Pamoja

Hili lilikuwa gari la tatu ndani ya wiki mbili, na nilikuwa nimeyaahidi magoti yangu kwamba Jumamosi hiyo hayatagusa sakafu ya mtu. Ahadi ikavunjwa na mdogo wangu. Yeye ni mkunga, na katika ukoo mzima tumekwisha kusahau kumwita kwa jina. Hata marehemu mama alimwita Mkunga. Akitaka jambo haombi. Anakutangazia, kama anavyomtangazia mzazi kwamba muda wa kusukuma umefika.

"Kaka, vaa viatu," aliniambia mlangoni. "Nimelipata."

"Umepata gari au umepata mtu anayeuza gari?"

"Vaa viatu."

Nikavaa. Kulikataa gari ni rahisi, kumkataa Mkunga ndiyo kazi. Na nilijua kwa nini ana haraka. Mwezi uliopita aliitwa kwa mama mmoja aliyeshikwa na uchungu nyumbani, akasubiri usafiri, akakosa, akaenda kwa miguu. Alipofika, mtoto alikuwa keshatoka mikononi mwa jirani, na mama mtu amelowa damu mpaka godoro. Yule mama alipona. Mkunga hajapona mpaka leo; ukiitaja barabara ile mbele yake, anabadilisha mazungumzo.

Ila sikutaka auziwe mbuzi kwenye gunia. Gari la kwanza lilikuwa limeng'olewa balbu ya taa ya injini ili isije ikasema ukweli mbele ya mnunuzi. La pili nilipoinua zulia nilikuta tope kavu. Lilikuwa limezama kwenye mafuriko, likaoshwa, likapuliziwa manukato. Yote mawili niliyakataa, na Mkunga akaninunia njia nzima. "Wifi ulimkubali vipi?" aliniuliza tukirudi mara ya pili. "Au yeye hukumfungua boneti?"

Mimi ni fundi umeme wa magari, mwaka wa thelathini na moja huu, na kama kuna mtu anayenionea wivu nampa karakana bure. Watu wananiita Fundi Uzi. Marehemu baba alikuwa mshona viatu, na mimi na Mkunga tulikulia chini ya meza yake tukivuta uzi mweusi kwenye nta mpaka vidole vikanuka mzinga. Mafundi wenzangu wakiunganisha waya, wanazungushia utepe wa plastiki. Joto likipanda chini ya dashibodi utepe unatoka jasho, unalegea, na mteja anarudi akitukana. Mimi nafunga kwa uzi wa baba: mizunguko saba, halafu fundo lake, ambalo mkia wake unaingia ndani usiuone. Kiungo changu hakirudi. Na sifa yangu imejengwa hapo hapo: Fundi Uzi ni mkweli, hana papara, hamdanganyi mtu. Watu wanapenda kusema hivyo, na mimi nimekuwa nikiwaacha waseme.

Mwenye gari alikuwa mwalimu mstaafu. Nyumba yake ilikuwa ya baraza pana, na gari lilisimama mbele yake, la kijani kilichokolea, limeoshwa mpaka kwenye mapengo ya magurudumu. Barazani alikaa mke wake akichambua mchele kwenye ungo. Tulimwamkia, akaitikia kwa kichwa, akavuta ncha ya mtandio ikamfunika mdomo. Taya lake la upande mmoja lilikuwa limeingia ndani.

"Fundi, sifa zako zimetangulia," alisema Mwalimu, akinipa mkono. "Nilipoambiwa anakuja Fundi Uzi mwenyewe, nikasema basi, mimi sina la kuficha."

Kila anayeuza gari ana hadithi tamu. Mmoja anahama, mwingine ana gari jingine, wa tatu anamsomesha mtoto. Hujasikia mtu akisema nauza kwa sababu limenishinda. Kwa hiyo nilimsikiliza Mwalimu huku macho yangu yakiwa kwenye bampa la mbele, ambalo kijani chake kilikuwa kimeachana kidogo na kijani cha mlango.

"Umeliona hilo bampa," alisema kabla sijafungua mdomo. Hapo nikaanza kumwamini, na sipendi kumwamini mwenye gari. "Mwaka juzi tuligonga nguzo. Mvua ilikuwa inanyesha, mbwa akakatiza. Sikuwa hata na mwendo mkali. Mimi nilitoka mzima, mwenzangu uso wake ukaenda kwenye dashibodi. Tangu siku hiyo hapandi gari. Sasa nibaki nalo la nini, niende kuongea nalo?"

"Mifuko ya hewa ilifunguka?" nikamuuliza. Ile mifuko inayolipuka na kujaa hewa gari likigonga, ili mtu asijipige mbele.

"Haikufunguka." Alishusha sauti, lakini baraza lilikuwa hatua nne tu kutoka pale. "Fundi wa bodi aliyelinyoosha gari alitueleza. Ule mfuko haufunguki kama mtu hajafunga mkanda. Yeye alikuwa hajafunga. Simlaumu, kila mtu husahau. Anasema alifunga, lakini unajua tena, mtu akishaumia."

Mikono ya mama ilisimama kwenye ungo, kisha ikaendelea. Mkunga alimtazama Mwalimu vibaya. Mimi nilijua kwamba maneno ya fundi wa bodi, kwa gari la aina ile, ni upuuzi mtupu. Mfuko hauulizi mkanda. Lakini sikusema. Mambo ya mtu na mkewe huwa siingii, na magoti yalikuwa yameanza kuuma, nikataka nimalize nikalale.

"Mkunga, kaa kwenye usukani," nikasema. "Geuza ufunguo mara moja tu. Usiwashe injini."

Hapa ndipo ninapoanzia siku zote, kabla ya boneti, kabla ya kutambaa chini. Ukigeuza ufunguo bila kuwasha, taa zote za onyo zinatakiwa kujitokeza kwenye dashibodi kama wanafunzi wakiitwa majina. Injini, breki, mafuta ya injini, chaji ya betri, mifuko ya hewa. Watu wanaogopa taa inayowaka njia nzima. Mimi naogopa ile isiyoitika. Mgonjwa anayelalamika utajua pa kumshika. Aliyenyamaza ndiye anayekufia mikononi, na Mkunga anajua hilo kunishinda.

Zote ziliitika. Mkunga akanitazama kwa ushindi.

"Subiri," nikamwambia, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Taa ya mafuta ya injini ni haki yake kubaki mpaka injini iwashwe. Lakini ya mifuko ya hewa ina kompyuta yake. Inajipima yenyewe, ikijiona ni nzima inajizima baada ya sekunde chache, injini iwe imewashwa au haijawashwa. Nikahesabu saba. Nikahesabu kumi. Nikafika ishirini, taa bado iko pale, imetulia kama mgeni aliyesikia harufu ya chakula.

"Washa."

Injini ikaitika vizuri, na taa mbili zikazima kwa mpigo mmoja: ya mafuta na ya mifuko ya hewa.

"Zima. Rudia."

Tulirudia mara tatu. Mara zote tatu zilizima pamoja.

"Sasa si zimezima?" alisema Mkunga. "Kaka, taa zimewaka, taa zimezima. Nini tena? Hata wanakwaya wanamaliza pamoja, na watu wanapiga makofi."

"Hizi haziimbi wimbo mmoja. Hii ya mifuko imekunywa umeme wa mwenzake. Mtu ameifunga kwenye waya wa taa ya mafuta, ili iwake ikiwaka ile na izime ikizima ile. Mnunuzi akitazama anaona kila kitu sawa."

Nikachomeka mashine yangu ya kupimia chini ya usukani. Upande wa injini haukuwa na neno, na Mkunga akashusha pumzi. Upande wa mifuko ya hewa mashine ikatoa hitilafu mbili, ya dereva na ya abiria, zote za zamani. Nikafungua skrubu nne, nikatoa kifuniko, nikalala chali kwenye sakafu ya gari na tochi mdomoni, miguu yangu ikining'inia nje.

Nyuma ya saa ya mwendo niliukuta waya uliochunwa na kuunganishwa. Haukufungwa kwa utepe. Ulifungwa kwa uzi mweusi wenye nta. Nilihesabu mizunguko, nikijua tayari. Saba. Nikapapasa mkia wa fundo. Ulikuwa umeingia ndani.

Nililala pale nikitazama kazi ya mkono wangu, na mate yakanijaa mdomoni kwa sababu ya tochi.

Ilikuwa miaka sita iliyopita, na wakati ule gari lilikuwa jeupe. Ijumaa. Mtu mwenye miwani ya jua juu ya paji la uso alilileta karakana, mifuko yake yote miwili imekwisha kulipuka zamani na nafasi zake zimezibwa kwa vifuniko vilivyobandikwa gundi. Alitaka ile taa tu isionekane. Nilimwambia mimi sifanyi hayo. Lete mifuko, lete kompyuta yake, ni kazi ya siku tatu. Hakubisha. Alikaa kwenye benchi langu. Akakaa saa tisa, akakaa saa kumi, akakaa mpaka wenzangu wakafunga milango yao, akinitazama tu na kuniambia, "Robo saa, fundi, robo saa tu." Nilikuwa nimechoka. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema kwa sababu hakukuwa na sababu nyingine. Sikuwa na njaa, sikutishwa. Nilitaka atoke kwenye benchi langu niende nyumbani.

Na hata hapo ningeweza kufunga kwa utepe wa plastiki kama mhuni mwingine yeyote. Utepe ungelegea kwa joto, taa ingerudi ndani ya miezi miwili, na Mwalimu angejua. Lakini mkono una mazoea yake. Nilivuta uzi, nikazungusha mara saba, nikaficha mkia. Uongo wangu niliufunga kwa uzi wa baba ili usifunguke.

"Kuna nini huko?" Mkunga aliita kutoka nje.

Mkononi nilikuwa na kisu kidogo cha kuchunia waya. Nilipitisha ncha yake chini ya uzi, nikakata, nikauvuta wote ukatoka na fundo lake, nikautia mfuko wa shati. Kisha nikajiburuta nje, nikasimama kwa kushikilia mlango.

"Kuna mhuni amepita hapa," nikasema. "Mwalimu, pole. Hili gari halina mifuko ya hewa. Ni vifuniko vitupu. Ililipuka kabla hujalinunua, na mtu akakufunga macho kwa hiyo taa."

Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya baraza bila kupangusa vumbi. "Nimeliendesha miaka sita," alisema. "Nimembeba huyu. Nimebeba wajukuu."

"Fundi gani huyo?" Mkunga alikuwa amekunja ngumi. "Mtu anayejua kabisa kazi ya hiyo taa, anakaa anaizima kwa mkono wake. Huyo ni sawa na mimi nisikie mapigo ya mtoto yanashuka, halafu nimwambie mama mtu lala, kila kitu kizuri. Huyo halali usingizi, kaka. Kama analala, basi si mtu."

Nalala. Nilikuwa nalala vizuri tu. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba kwa miaka sita sikuwa nimelikumbuka lile gari jeupe hata siku moja.

Ningeweza kuondoka hapo. Mkunga asingelinunua, Mwalimu angejua gari lake halina kinga, na uzi ulikuwa mfukoni mwangu. Kila mtu alikuwa amepata alichohitaji kujua, ndivyo nilivyojiambia, na nikaanza kukusanya bisibisi zangu.

Kisha Mwalimu akasema, polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kujishikilia, "Lakini hata kama ingekuwemo, siku ile isingesaidia. Si alikuwa hajafunga mkanda."

Nikamtazama mama. Nilitegemea atajibu. Hakujibu. Alikuwa ameacha kuchambua, mikono yake imelala juu ya mchele, na alimtazama mumewe na kisha akanitazama mimi, bila hasira. Yale yalikuwa macho ya mtu aliyekwisha kusema, akasema tena, akachoka kusema. Uchovu ule niliujua. Wangu ulikuwa umenifanya nifunge waya. Wake ulikuwa umemfanya afunge mdomo, na wake ulitokana na wangu.

"Mwalimu," nikasema, "fundi wa bodi alikudanganya, au hakujua. Mfuko wa gari hili haungoji mkanda. Haukufunguka kwa sababu haukuwemo. Mama kufunga au kutofunga, fundi wa bodi hawezi kujua kwa kutazama mfuko. Hakuwa na sababu yoyote ya kusema alichosema."

Nikatia mkono mfukoni.

"Na mhuni ninayemsema ni mimi."

Niliutoa uzi nikauweka kwenye kiganja. Ulikuwa bado umejikunja kama ulivyokaa kwenye waya. Mwalimu aliuangalia bila kuelewa. Mkunga ndiye aliyeelewa. Aliuchukua, akautafuta mkia wa fundo kwa ukucha, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni kushindana nani ataupata kwanza. Akaupata.

"Hili ni fundo la baba," alisema.

"Ndiyo."

"Umelikata sasa hivi. Ulikuwa umelificha."

"Ndiyo, mdogo wangu."

Hakunirudishia uzi. Alifumba kiganja akageuka akatazama ukuta wa jirani, na mabega yake yakashuka. Nimemwona Mkunga akitoka kazini baada ya saa thelathini, nimemwona kwenye msiba wa mama, lakini sikuwahi kumwona amechoka vile.

"Yule mtu alikwambia anakwenda kuliuza?" Mwalimu aliniuliza. Sauti yake ilikuwa ya darasani, ya mtu anayetaka jibu kamili.

"Hakuniambia."

Alingoja.

"Lakini nilijua," nikasema. "Hakuna mtu anayeficha taa kwa ajili ya gari atakalobaki nalo."

Akaitikia kwa kichwa mara mbili, kama mwalimu aliyepokea jibu sahihi kutoka kwa mwanafunzi aliyeiba mtihani. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kupigwa. Nilikuwa tayari kumwambia nitaitafuta mifuko, nitaifunga mwenyewe, sitaki chochote. Yote hayo niliyasema baadaye na yote hayakuwa na uzito. Kwa wakati ule hakunitazama tena. Alikuwa ameanza kumgeukia mkewe, na aligeuka polepole sana, kama mtu anayeogopa kufika.

Mama alikuwa amekwisha kusimama. Aliweka ungo juu ya kiti, akajikung'uta makapi ya mchele, akashuka ngazi akimpita mumewe bila kumgusa. Alizunguka mbele ya gari. Mkunga alimpisha. Alifungua mlango wa abiria, akasimama kidogo mkono wake ukiwa juu ya paa, na nikakumbuka kwamba mtu huyu hajaingia ndani ya gari kwa miaka miwili.

Akaingia. Akakaa, akavuta mlango akaufunga. Kioo kilikuwa kimeshushwa, kwa hiyo tulimwona akinyoosha mkono nyuma ya bega, akavuta mkanda, akaupitisha kifuani taratibu ili kila mtu aone, akausukuma kwenye kishikizo. Ukalia, tak.

Mwalimu alifika dirishani. Mama alishusha mtandio kutoka mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu tufike tukaisikia sauti yake. Maneno yalipita kwa shida kwenye lile taya, lakini yote yalisikika.

"Ile alama kifuani," alisema. "Kutoka begani mpaka hapa chini. Wiki tatu ulikuwa unaikanda mwenyewe kwa maji ya moto. Uliiona. Ukamwamini fundi."

Mwalimu akaingiza mkono dirishani, akipapasa kishikizo ili amfungulie. Mama aliushika mkono ule, akautoa nje ya gari.

"Acha," akasema. "Nitatoka nikitaka."

Tukasimama pale juani, Mwalimu, Mkunga na mimi, tukamngoja.